Maradhi ya Kutetemeka na Mazoezi ya Viungo



Wenzetu wawili, ambao wazee wao wanakaa Mbeya na Iringa, wametuuliza juu ya maradhi yanayomtetemesha mtu mkono hata akiwa amekaa kitako, yakamkaza viungo na kumfanya mzito wa kutembea. Swali hili latuhusu sote, maana mara nyingi mgonjwa huambiwa ni uzee tu, au karogwa.

Maradhi haya yaitwa Parkinson, kwa jina la daktari James Parkinson wa London aliyeyaeleza mwaka 1817. Husababishwa na kufa polepole kwa chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, ambayo husaidia kuendesha mwendo wa mwili. Hayaambukizi. Dawa iitwayo levodopa huyatuliza, lakini haiyaponyi.

Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2006 wagonjwa walitafutwa nyumba kwa nyumba kati ya watu 161,071. Walioonekana walikuwa 33, na wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa wanaumwa nini, wala kupewa dawa.

Basi dawa itafutwe hospitali, na huku nyumbani mazoezi yaanze, kwani hayana bei. Matabibu wa viungo hufundisha hivi:

1. Kutembea. Pengine miguu huganda mlangoni. Mgonjwa asisukumwe wala kuvutwa. Asimame, avute pumzi, aegemee mguu mmoja, kisha atoe wa pili kwa hatua kubwa. Kuhesabu kwa sauti, "moja, mbili," husaidia; kadhalika mistari ya chaki sakafuni, aivuke mmoja mmoja.

2. Kugeuka. Asigeuke ghafula pale aliposimama. Azunguke kwa duara pana, hatua kwa hatua.

3. Kuinuka kitini. Asogee ukingoni, arudishe miguu nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele, ndipo ajisukume kwa mikono.

4. Mikono. Apanue vidole sana, kisha afumbe. Kuchambua karafuu akiwa amekaa ni zoezi jema. Kupanda mkarafuu ni hatari, asipande tena.

Yako pia mazoezi ya yoga, yenye asili ya Bara Hindi, ya kunyoosha viungo taratibu pamoja na kuvuta pumzi. Uchunguzi wa Hong Kong uliotangazwa mwaka 2019 ulihusu wagonjwa 138 kwa wiki 8. Kundi moja lilifanya yoga na kutuliza moyo, la pili mazoezi ya kunyoosha na kutia nguvu viungo. Mwendo wa makundi yote mawili ulipata nafuu, lakini wa yoga walipungukiwa zaidi na wasiwasi na huzuni. Asiyeweza kusimama vyema afanye akiwa kitini, na mtu awe karibu naye asije akaanguka.

Kwa wazee wa Mbeya na Iringa, asubuhi za Juni na Julai ni baridi, na mwili hukaza. Wangoje jua lipande, wajipashe moto, ndipo waanze. Kwenye miteremko wasitembee peke yao. Wa Mbeya apelekwe hospitali ya rufaa, na wa Iringa hospitali ya mkoa, wakaulizie dawa na tabibu wa viungo.

Mzee atetemekaye si mvivu, wala hakurogwa. Mwenye kusoma somo hili twamwomba amsomee na jirani asiyejua kusoma.