Dondoo muhimu: Daktari wa Pemba anayeutaka ubingwa wa wagonjwa mahututi

Unatoka hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, au ya Chake Chake kwenda kusomea magonjwa ya ndani, na moyo wako uko ICU? Zingatia haya:

• Usichague chuo kwa jina. Omba kuingia ICU yake, uhesabu mashine za kupumulia zinazofanya kazi, si zilizofunikwa shuka pembeni.
• Muulize mwanafunzi wa mwaka wa mwisho: usiku nani anairekebisha mashine? Mahali pengi ICU iko mikononi mwa madaktari wa usingizi. Kama wa magonjwa ya ndani hupita asubuhi tu na kuondoka, utahitimu bila kuishika mashine hiyo. Kuchagua chuo cha namna hiyo ndilo kosa kubwa.
• Ulizia kama gesi za damu hupimwa hata saa nane usiku.
• Linganisha Muhimbili, KCMC na Bugando kabla ya kujaza fomu.
• Usidharau zamu za figo na moyo.
• Ruhusa ya masomo na ufadhili viwe kwa maandishi kabla hujapanda boti.
• Panga fedha za nyumbani mapema: MUHAS (chuo cha Muhimbili) ubingwa wa magonjwa ya ndani ni miaka 3, na ubobezi huanza baada ya hapo.