Tafsida katika Kiti cha Daktari wa Meno

Wahenga walisema kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Makala haya yanadhihirisha kuwa maneno yanaweza pia kumpunguzia mtoto hofu ya daktari wa meno bila dawa za kutuliza wasiwasi. Ganzi huzuia maumivu. Hofu huhitaji tiba nyingine.

Aghalabu hofu hiyo hupandwa nyumbani kwa lugha. Mzazi anayesema, "Usipolala nitakupeleka kwa daktari akudunge sindano," huwa amemgeuza tabibu kuwa zimwi. Hata kauli "usiogope, hutaumia" huweza kumkumbusha mtoto maumivu ambayo hakuwa ameyawaza.

Mnamo mwaka wa 1959, Addelston alieleza mbinu yenye hatua tatu: kueleza, kuonyesha na kutenda. Daktari hukieleza kifaa kwa maneno mepesi, hukizungusha polepole juu ya ukucha wa mtoto, kisha hukitumia kinywani vilevile alivyosema.

Hatua ya kwanza hutegemea tamathali anazozifahamu mwanafunzi wa fasihi. Madaktari wanaotumia Kiingereza wamezizoea, na kwa Kiswahili zinaweza kusemwa hivi: kwa tafsida, kutia ganzi huwa "kulilaza jino", kwa sitiari, mpira unaolikinga jino huwa "koti la mvua", kwa tashihisi, bomba la kufyonza mate huwa "Bwana Kiu".

Hata hivyo, tafsida si uongo. "Utahisi kama unafinywa kidogo" hupunguza ukali wa jambo bila kulikana. "Hutahisi lolote" hulikana kabisa. Mtoto aliyeahidiwa hivyo kisha akachomwa hupoteza imani, na ziara ifuatayo huwa ngumu zaidi. Njia ya mwongo ni fupi. Ndiyo maana baadhi ya matabibu hupatana na mtoto ishara: akiinua mkono, kazi husimama. Ishara hiyo isipoheshimiwa, nayo huwa uongo usio na maneno.

Hivyo basi, ipo haja ya wanafunzi wa Kiswahili kushirikiana na wenzao wa udaktari wa meno ili kuunda msamiati unaomfaa mgonjwa mwenye umri wa miaka minne, si mtaalamu pekee. Kipimo cha msamiati huo kiwe kimoja: mtoto anaposhuka kitini, atambue kwamba aliyoambiwa ndiyo aliyoyahisi.