Kujiandaa kwa Hukumu: Anza na Uliyemkosea

Muulize Mkristo anajiandaaje kwa siku ya hukumu, naye mara nyingi atakutajia sala na mfungo. Vyote ni vyema. Lakini katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, pale Yesu anapoieleza hukumu yenyewe, kinachoulizwa ni kama mwenye njaa alilishwa, mgeni akapokelewa, mgonjwa na mfungwa wakatembelewa.

Sisi wa magharibi mwa Tanzania tuna sababu ya kuisoma sura hiyo polepole. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe (Tabora ya leo) kabla ya kuendelea Ujiji, ikipitisha wapagazi wenye pembe za ndovu mabegani, na mateka minyororoni. Huku huku magharibi, Karema kando ya Ziwa Tanganyika, aliishi Adrian Atiman. Alitekwa utotoni katika nchi ambayo leo ni Mali, akakombolewa na shirika la Wamisionari wa Afrika, akasomea utabibu huko Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akatibu watu na kufundisha dini hadi uzeeni. Alifariki 1956. Mtu aliyewahi kuuzwa akautumia umri wake kuponya wengine: sijui mahubiri ya hukumu yanayopita hayo.

Basi tenga jioni moja, zima simu, uichunguze dhamiri yako. Usiishie kwenye hasira na masengenyo. Je, mizani yako ilipunja mkulima wa tumbaku au mrina asali? Kibarua wa msimu uliopita alilipwa ujira wote? Mpaka wa shamba ulisogea usiku? Mjane wa ndugu yako yuko wapi, na mali ya marehemu iko kwa nani? Andika majina ya watu, maana dhambi isiyo na jina la aliyeumia ni rahisi kuisahau.

Kisha wafuate hao. Yesu anafundisha kwamba mwenye sadaka mkononi, akikumbuka ndugu aliyemkosea, aiache madhabahuni akapatane naye kwanza. Nenda mwenyewe; ukiogopa ugomvi, mwombe mzee wa kanisa au mwenzako wa jumuiya akusindikize. Litaje kosa lenyewe. Kusema “kama nilikukosea, nisamehe” kunamwachia mwenzako kazi ya kuthibitisha kosa. Palipo na mali, irudishe: Zakayo mtoza ushuru alimwahidi Yesu kulipa mara nne. Mwenye haki akiwa amefariki, wape warithi wake. Wasipopatikana, wape maskini. Akikataa kukusamehe, usimlazimishe. Endelea kumwombea.

Hapo ndipo kwenda kanisani kunapata uzito. Mkatoliki aende kitubio, tena asisubiri Kwaresima; padre amefungwa kabisa kutotoa siri ya maungamo. Mmoraviani, ambaye kanisa lake lilianza kazi Urambo mwaka 1898, aitumie sala ya toba kabla ya Meza ya Bwana, na mchungaji yupo kwa anayehitaji kuzungumza faragha.

Jihadhari sana na mhubiri anayetaja tarehe ya mwisho wa dunia, au anayekutaka uuze shamba, uache dawa, ufunge hadi kufa. Yesu alisema wazi kwamba siku hiyo haijulikani na mtu. Kanungu, Uganda, mwezi Machi 2000 mamia ya waumini waliteketea kanisani. Shakahola, Kenya, tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri wa namna hiyo. Ukisikia mafundisho ya namna hiyo, toa taarifa kwa serikali ya kijiji au polisi, hasa palipo na watoto.

Andika pia wosia ungali na nguvu. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, husaidia kuuandika na kuuhifadhi, na kwa kufanya hivyo familia nyingi zingeepushwa na kesi za mirathi.

La mwisho linahusu wagonjwa. Wakatoliki wengi huogopa kumwita padre wakidhani Mpako wa Wagonjwa ni tangazo la kifo. Sivyo. Ni sakramenti ya anayeugua sana, ya mzee aliyedhoofika, hata ya anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa, na inaweza kurudiwa. Mpeleke mgonjwa hospitali, na siku hiyohiyo mpigie padre au katekista, wakati mgonjwa bado anaweza kuungama na kumwita kando ya kitanda mtu ambaye hawajasemezana kwa miaka.