Kishikwambi na Mwalimu

Wasomaji wetu wa Holili na wa vijiji vya juu katika Rombo, yafaa tuulizane: je, chombo cha umeme chaweza kumfundisha mtoto kusoma pasipo mwalimu? Jambo hili lilijaribiwa kwa jirani zetu wa Mkoa wa Tanga, tangu mwisho wa mwaka 2017, kwa muda wa miezi 15. Karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, navyo vilitiwa umeme kwa nguvu za jua. Hapakuwa na darasa.

Katika kila watoto 100, 74 walisemekana hawajapata kwenda shule, na zaidi ya 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Muda ulipokwisha, hesabu ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Tarehe 15 Mei 2019 makundi mawili miongoni mwa yale yaliyotunga masomo hayo, onebillion na Kitkit School, yaligawana zawadi ya dola milioni 10.

Ni ushindi mkubwa. Lakini nusu ile ya pili nao ni watoto wetu.

Na tutazame sababu. Darasani watoto 60 huitikia pamoja "ba, be, bi, bo, bu", na yule asiyejua hujificha ndani ya sauti za wenzake mpaka mwaka ukaisha. Kishikwambi hakimpi maficho. Humtaka aguse silabi yeye mwenyewe. Akikosa hurudia, wala hapana mtu wa kumcheka. Basi nguvu haikuwa katika kioo king'aacho (ambacho wazazi wengi hukistaajabia bure), bali katika zamu ya kila mtoto.

Baada ya Sensa ya mwaka 2022 Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Mwalimu aliye na kimoja asikionyeshe darasa zima kwa mbali. Na awajaribu watoto mmoja mmoja kwanza, awatenge waliokwama katika silabi, wakitumie wanne wanne, kila mmoja kwa zamu yake. Wengine wasomeane wawili wawili kitabuni. Na ubao usiachwe, maana mawingu yakaapo siku nyingi mlimani, mtambo wa jua haushibi.