Baba Watoto, Umenisikiliza?

Wapendwa wanandoa, hapa Isiolo mgeni anayetoka malishoni haulizwi shida yake mlangoni. Hupewa chai, kisha huulizwa habari za njia, za mvua, za majani, za ng'ombe na ngamia, za wazee na watoto. Mwenye nyumba husikiliza bila haraka, maana huenda habari moja ikaokoa mifugo yake. Ajabu ni kwamba mwanamume huyo huyo, mkewe akianza kusema jioni, humkatiza kabla hajafika mbali.

Fungueni Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 1. Hana hakuwa na mtoto, na mke mwenzake Penina alimchokoza mwaka baada ya mwaka. Alipolia na kuacha kula, mumewe Elkana alimwuliza sababu, lakini hakungoja jibu. Aliongeza swali juu ya swali, akamalizia kwa kujitaja mwenyewe, kwamba yeye ni bora kuliko wana kumi. Elkana alimpenda Hana, Maandiko yanasema hivyo wazi. Hata hivyo hatusomi kwamba Hana alimjibu neno. Alikwenda kummiminia Mungu uchungu wake. Huko nako kuhani Eli alitazama midomo yake akadhani amelewa. Lakini Hana alipojieleza, Eli alisikiliza, akamtakia amani. Ndipo Hana akala, na uso wake ukabadilika. Angalieni: mimba ilikuwa haijatungwa bado!

Katika mji wetu Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru na Wasomali huishi pamoja, na wako walioona vema kuoana nje ya kabila. Kiswahili cha nyumbani si lugha ya mama ya yeyote kati yao. Mke asema, "Maji yamekwisha." Mume atoa pesa za mtungi, adhani yamekwisha. Kumbe mke alitaka kusema amechoka kubeba nyumba peke yake. Afadhali mume angeuliza, "Mama watoto, ni maji tu, au umechoka?" Kurudia ulichosikia si kukubali kila kitu, ni kumpa mwenzako nafasi ya kukusahihisha.

Akina mama, nanyi pia. Katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 wafugaji wengi wa kaskazini waliona mifugo yao ikifa. Mume aliyerudi nyumbani na fimbo tu, akaketi kimya, alikuwa anasema jambo. Anayemwambia, "Si nilikwambia uuze mapema?" amesema kweli labda, lakini hatasikia tena lililo moyoni mwake. Hayati Papa Fransisko, katika *Amoris Laetitia* ya mwaka 2016, namba 137, alikumbusha kwamba mara nyingi mwenzi hahitaji kutatuliwa tatizo, anahitaji kusikilizwa.

(Anayepigwa nyumbani hasemwi hapa. Huyo kwanza atafute mahali pa usalama.)

Zoezi la juma hili: baada ya sala ya jioni, zimeni redio na simu. Mmoja aseme dakika tano. Mwenzake asijibu, asijitetee, arudie tu aliyoyasikia. Kisha mbadilishane.

Maswali ya kuzungumzia:
Ni jambo gani mwenzangu amelisema mara nyingi mwaka huu?
Je, nilipomjibu, alikuwa amemaliza?