Supu Nzito ya Maharage kwa Kilichopo Jikoni
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za wilaya za Tarime na Serengeti

Mara nyingi mtoto mdogo huchovyewa ugali kwenye mchuzi wa maharage, punje zikabaki kwa wakubwa. Mchuzi huo una harufu na rangi ya maharage, lakini sehemu kubwa ya virutubishi imebaki kwenye punje. Tunawaelekeza kupika supu ambayo punje zimepondwa humo humo, ili hata asiye na meno apate sehemu yake.

Kwa nini maharage?

Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina takriban gramu 15 za protini, ambayo hujenga mwili wa mtoto. Maharage yana pia madini chuma na foleti, vinavyohitajika kutengeneza damu. Ugali wa mahindi, mtama au muhogo hushibisha, ila protini yake haitoshi peke yake. Ukiliwa na maharage, pengo hilo huzibika.

Mahitaji kwa watu watano au sita

- Maharage makavu vikombe 2, yaliyochambuliwa. Yenye ukungu tupa.
- Kitunguu 1 na nyanya 2 au 3.
- Mboga za majani konzi mbili.
- Mafuta vijiko 2 vya chakula, na chumvi kidogo yenye madini joto.

Namna ya kupika

1. Loweka maharage jioni kwa maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, kisha suuza. Yaliyolowekwa huiva upesi na kuokoa kuni, na gesi tumboni hupungua.
2. Weka maji mapya, vikombe 8 hivi. Yakianza kuchemka, acha yatokote kwa nguvu dakika 30. Usiruke hatua hii. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na moto mdogo pekee hauiondoi.
3. Punguza moto, funika, endelea kupika mpaka punje ibonyee kwa vidole. Maji yakipungua, ongeza ya moto.
4. Ponda nusu ya punje kwa mwiko. Hapo ndipo supu inapokuwa nzito.
5. Kaanga kitunguu na nyanya pembeni, kisha changanya. Nyanya ikitangulia, ukali wake hufanya maharage yachelewe kulainika.
6. Mboga za majani zitie mwisho, dakika 5 kabla ya kuepua. Chumvi nayo iwe mwishoni.

Epuka magadi. Hulainisha maharage, lakini huharibu vitamini B1 na kuongeza chumvichumvi mwilini.

Kama kitu hakipo

Hakuna nyanya? Kamua limau kwenye bakuli wakati wa kula. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini chuma. Hakuna mafuta? Tia karanga zilizosagwa. Hakuna mchicha? Majani ya maboga, majani ya kunde, mnavu au mgagani vinafaa. Penye migomba, katia ndizi mbichi. Kwingine katia viazi vitamu. Maharage yakiisha, pika kunde au choroko kwa namna hiyo hiyo. Ukipata dagaa wa Ziwa Victoria, waoshe, watwange unga, tia kijiko kimoja au viwili.

Kahawa na chai visiandamane na chakula hiki, kwa kuwa hupunguza ufyonzwaji wa madini chuma. Subiri angalau saa moja baada ya kula.

Kumgawia mtoto na mjamzito

Mtoto aliyetimiza miezi 6 aanze kwa vijiko viwili au vitatu vya supu iliyopondwa laini na kuchujwa maganda, huku akiendelea kunyonya. Iwe nzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Usimpe punje nzima, zinaweza kumkaba. Mtoto awe na bakuli lake, ili ijulikane amekula kiasi gani. Mjamzito apewe punje nyingi, na aendelee kumeza vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki.

Usafi na usalama

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kupika, kula na kulisha. Pika kinachotosha mlo. Kilichobaki kisikae nje zaidi ya saa 2. Kama hakuna friji, kigawe kikaliwe mapema. Kilichochacha au kutoa povu kimwage, hata kama kinanukia vizuri.

Nenda zahanati bila kuchelewa

Mpeleke mtoto akiwa anakonda, amevimba miguu yote miwili, viganja vimepauka, au anahara na kushindwa kunywa. Supu hii hujenga afya ya mtoto, lakini haichukui nafasi ya matibabu. Beba kadi yake ya kliniki, na mweleze mhudumu anakula nini nyumbani na mara ngapi kwa siku.