Daftari la Bei: Somo kwa Kikundi Kinachotaka Kununua Friza

Mara hii tunazungumza juu ya kununua vyombo vya umeme kwa simu, kwa njia ya intaneti, na jinsi ya kujua kama bei imeshuka kweli au imeshuka kwa maneno tu.

Tuanze na nyanya. Mama muuza mboga wa hapa Kiembeni akifika soko la Kongowea alfajiri akaambiwa kreti ya nyanya imeshuka bei, hababaiki. Anakumbuka aliuziwa ngapi juzi, na wiki iliyopita, na wakati wa mvua. Lakini mama huyo huyo akishika simu akaona friza ina bei mbili, ile ya juu imekatwa kwa mstari, mara anampigia mweka hazina: "Wahi, zitaisha!" Kwa nini? Kwa sababu nyanya anazinunua kila siku. Friza kikundi hununua mara moja, pengine kwa miaka kumi, na kwa pesa za michango ya watu ishirini.

Sasa, ile bei iliyokatwa mstari ameiandika nani? Muuzaji mwenyewe. Huenda aliuza kwa bei hiyo, huenda hakuuza hata moja. Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya Kenya, ya mwaka 2012, inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu nafuu ya bei, lakini utamshtaki mtu kwa ushahidi gani kama hukuandika kitu? Kule Umoja wa Ulaya kuna sheria inayotumika tangu Mei 2022: duka likitangaza punguzo, lazima lionyeshe bei ya chini kabisa liliyouzia katika siku 30 zilizotangulia. Na wanaonunua Amazon wana programu kama Keepa na CamelCamelCamel, ambazo huandika bei za bidhaa kwa miezi na miaka, huzichora kwa mstari unaopanda na kushuka, na kukutumia ujumbe bei ikifika pale unapotaka. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya Amazon. Kwa Jumia au Kilimall, ambako wengi wetu hununua, programu yetu ni daftari la mistari na peni.

Kazi yenyewe si kubwa. Kwanza andikeni jina kamili la chombo pamoja na namba ya modeli, maana friza mbili zaweza kufanana sura kumbe moja ni lita 95 na nyingine lita 140. Kisha kila wiki, siku ile ile, katibu aandike tarehe, bei, jina la muuzaji, na gharama ya kuleta mzigo. Jina la muuzaji ni muhimu kwa kuwa katika maduka haya wauzaji ni wengi ndani ya duka moja, na kila mmoja ana bei yake. Apige na picha ya skrini. Na yeyote anayekwenda mjini aulize dukani bei ya modeli hiyo hiyo, iandikwe pia. Tumewaona watu wakitafuta kwenye simu miezi mitatu kitu ambacho kiko Bamburi kwa bei hiyo hiyo.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Agosti na Septemba daftari linaonyesha friza ni shilingi 24,500. Novemba inaanza, matangazo ya Black Friday yanajaa, na friza ile ile inaandikwa: ilikuwa 33,000, sasa 24,999, punguzo asilimia 24. Asiye na daftari ataona ameokoa elfu nane. Mwenye daftari ataona imepanda shilingi 499! Akisubiri, wiki ya mwisho ya mwezi inafika 22,900. Hapo imeshuka kweli, shilingi 1,600. Lakini kuileta ni shilingi 1,200, na duka la mjini linauza 24,500 na kukufikishia mlangoni bure. Kilichobaki ni shilingi 400. Je, kwa shilingi 400 mngependa dhamana iwe kwa mtu mnayemjua au kwa mtu msiyemjua? Sisi tungekwenda kwa tunayemjua.

Jambo jingine la kuandika pembeni ni bei ya dola, kwa kuwa vyombo hivi vingi hutoka ng'ambo. Januari 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160. Kufikia Aprili mwaka huo ilikuwa karibu 130. Msitegemee friza ishuke siku hiyo hiyo, maana muuzaji bado ana mzigo alionunua kwa dola ghali.

Hata hivyo kusubiri nako kuna bei yake, na hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Tuseme friza itawaingizia faida ya shilingi 150 kwa siku kwa samaki na barafu. Mkikaa siku 60 mkingoja punguzo la 1,600, mmepoteza 9,000. Ila faida haiwi sawa mwaka mzima, jamani. Wakati wa kusi bahari ni chafu, samaki ni haba, na barafu hainunuliwi sana, kusubiri hakuumizi. Kaskazi ikiingia, Desemba hadi Machi, joto ni kali na samaki wapo, kila siku bila friza ni hasara. Kwa hiyo kikundi cha samaki kianze daftari Juni au Julai, na mwisho wa Novemba kiwe kimekwisha kununua, punguzo liwepo lisiwepo. Televisheni ya nyumbani ni habari nyingine: haileti hata senti, iacheni ingoje mwaka mzima.

Mkutano ujao kila kikundi kichague chombo kimoja. Kabla ya kutazama bei, mkubaliane mambo mawili na kuyaandika ukurasa wa kwanza: bei ambayo ikifika mtanunua, na tarehe ambayo ikifika hamtangoja tena. Mweka hazina na katibu watie sahihi. Halafu mstari wa kwanza wa bei uandikwe siku hiyo hiyo, kabla hamjatawanyika.